Siku sita Olmolog: kulinda mahindi juu ya dungu

Nimerudi Arusha wiki ya tatu sasa na ngozi ya kiganja cha kushoto imeanza kuota upya. Huko shambani nilikuwa naandika maneno mawili matatu kwenye simu kila asubuhi, picha ninazo pia, kwa hiyo nimeketi kuyapanga siku kwa siku. Nawaandikia wale wanaokwenda kumsaidia mzazi au ndugu kulinda shamba msimu wa mavuno. Kilichotaka kunimaliza hakikutoka porini.

Jumatano, 10 Julai 2024. Arusha hadi Sanya Juu

Baba mdogo alinipigia Jumapili, siku ya Saba Saba. Mahindi yake ekari tatu yameanza kukauka, tembo wameshaingia kwa majirani wawili, na kijana aliyekuwa akilala naye kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba, ameondoka kwenda Mererani kutafuta maisha. "Mwanangu, macho yangu ya usiku si yale tena," alisema. Hakuongeza neno. Mimi ni fundi wa paa. Kazi moja nilikuwa nimeikabidhi, nyingine inasubiri mabati, nikamwambia nakuja.

Begi lilibeba koti zito, shuka mbili za kimasai, tochi ya kichwani, na mkanda wa usalama ninaouvaa nikiwa juu ya paa, ule unaoshika mapaja na kifua, pamoja na kamba yake ya nailoni. Mke wangu ndiye aliyeutia begini. Mimi nilikuwa nimeuacha ukutani.

Coaster ya Moshi iliondoka stendi saa moja kasorobo, 3,000 hadi Boma Ng'ombe. Tengeru, Usa River, Maji ya Chai, yote hayo yalipita vizuri. Kikatiti tairi la nyuma likapasuka, na spea ilikuwa haina upepo. Tulikaa pale saa moja na nusu. Mama mmoja mwenye kibanda cha ndizi aliwaona watoto wawili wa abiria wanalia njaa, akawakatia ndizi mbivu chane nzima, na konda alipotaka kumlipa akamwambia, "Hao ni wajukuu zangu, nenda na tairi lako."

Boma Ng'ombe nilikula chapati mbili na maharage, 2,000 pamoja na chai. Hiace ya Sanya Juu ni 2,000 nyingine. Nilifika saa nane, nikanunua sukari, majani ya chai, betri na nusu kilo ya pilipili kichaa zilizokaushwa alizoagiza baba mdogo. Nilipomaliza, Noah ya mwisho ya kupanda Ngarenairobi ilikuwa imeshajaa na kuondoka. Nikalala gesti, 15,000. Mwenye gesti alinigongea mlango saa mbili usiku na ndoo ya maji ya moto ambayo sikuiomba. Julai huku ni baridi ya kuuma masikio, na nilimshukuru mpaka akaona aibu.

Kwa anayekuja njia hii: Noah zinaondoka zikijaa, na baada ya saa tisa alasiri usitegemee kitu. Beba fedha taslimu, mawakala wa huko juu huishiwa. Na usidanganywe na jua la mchana, beba soksi za sufu.

Alhamisi, 11 Julai. Sanya Juu hadi shambani

Tuliketi watu kumi na mmoja kwenye Noah, na mbuzi mmoja nyuma. Lami sasa imefika mbali kuliko nilivyoiacha mara ya mwisho. Upande wa kulia Kibo ilikuwa wazi kabisa, theluji juu, na chini yake uwanda wa Shira umelala kama meza. Tukapita misitu ya miti ya kupandwa na mashamba ya ngano, kisha bodaboda ikanipandisha kilichobaki kwa 6,000. Kijana wa bodaboda alikuwa akisimama kila penye kinyesi cha tembo barabarani, anakitazama, anasema "hiki cha jana" au "hiki cha leo", halafu tunaendelea. Viwili vilikuwa vya leo.

Olmolog iko wilaya ya Longido, kwenye mteremko wa kaskazini magharibi wa Kilimanjaro. Hapa ndipo penye ushoroba wa Kitendeni, njia ambayo tembo huitumia kutoka msitu wa mlimani kwenda Amboseli, ng'ambo ya mpaka wa Kenya, na kurudi. Njia hiyo ilikuwapo kabla ya shamba la mtu yeyote. Baba mdogo analijua hilo na hulisema bila chuki: "Wao wanapita kwao. Mimi naomba wasipite katikati ya mahindi yangu."

Mama mdogo alinipokea kwa loshoro, chakula cha mahindi yaliyokorogwa na maziwa mgando. Nilikula bakuli mbili, akanipa la tatu bila kuniuliza.

Jioni nikaonyeshwa dungu. Liko kwenye mringaringa mkubwa ulio kona ya chini ya shamba, sakafu ya mbao katikati ya matawi matatu, kimo cha mita tano na kitu, paa la turubai la bluu. Kupanda ni kwa vidato vya mbao vilivyopigiliwa misumari moja kwa moja kwenye shina, kumi na mbili kwa jumla. Baba mdogo alivipiga mwaka 2017. Nilivitikisa kwa mkono vile vitatu vya chini, vikakaa imara, nikapanda.

Kutikisa vitatu kati ya kumi na mbili. Ningemwona kijana wangu wa kazi akifanya hivyo kwenye jengo la mtu ningemshusha siku hiyo hiyo.

Nilipofika juu nilivaa mkanda, nikazungusha kamba kwenye tawi nene na kujifunga kifuani. Baba mdogo aliutazama mkanda, akaushika kitambaa chake, akauliza bei. Usiku huo hakuja mnyama. Nungunungu wawili tu walipita chini wakigongesha miiba, na baridi ilitupeleka mpaka alfajiri.

Ijumaa, 12 Julai. Mzee jirani, na usiku wa tembo

Mchana nililala, nikaamshwa na sauti ya mzee jirani aliyekuja kunisalimia. Nilimpa shikamoo, akaniuliza kazi yangu, nikamwambia napaua nyumba. "Basi wewe na mimi tumeishi juu," alisema. Ujanani alikuwa akifuatilia nyayo kwenye kampuni ya uwindaji wa kitalii. Msimu wao hufunguliwa tarehe 1 Julai, kwa hiyo kila mwaka mwezi huu humrudishia yale mambo. Alinieleza jinsi wanavyomngoja chui: nyama hufungwa juu ya tawi, chui akizoea kuja, mwindaji hukaa kwenye maficho kabla jua halijazama, upepo ukitoka kwa chui kuja kwake, na hakuna kukohoa. Wengine hupenda maficho ya juu ya mti.

Nilimuuliza kama chui amewahi kumrukia mtu wao. Akatikisa kichwa. Watu aliowaona wakibebwa, alisema, walikuwa watu walioteleza wakipanda au wakishuka. Mmoja alikuwa amekaa saa kumi bila kusogea, akasimama, miguu haikumpokea. Bunduki kwao ilikuwa haipandi na mtu. Inatolewa risasi chini, inafungwa kamba, mtu anapanda mikono mitupu, ndipo anaivuta. Kushuka ni vivyo hivyo, inatangulia. "Panga lako unapanda nalo vipi?" aliniuliza. Nikamwambia nalichomeka kiunoni. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lifunge kamba, baba." Nikaitikia ndiyo mzee.

Kwenye dungu usiku tulikuwa watatu, baba mdogo, mimi, na moran mmoja wa boma la jirani aliyekuja na mkuki wake na tochi kubwa. Mwezi ulikuwa mchanga, ukazama kabla ya saa sita. Saa saba na dakika kumi moran aliniwekea mkono begani. Sikusikia kitu. Kisha nikasikia: mabua yanavunjika, moja, kimya, mawili, na chini ya sauti hiyo ngurumo ya tumbo, nzito, inayokufikia kifuani kabla ya masikioni.

Walikuwa madume manne. Tuliwasha tochi zote kwa pamoja usoni mwao, moran akapuliza vuvuzela, na kwa majirani madebe yakaanza kupigwa shamba baada ya shamba. Chini, upande unakotoka upepo, baba mdogo alikuwa ameacha matofali ya kinyesi cha ng'ombe yaliyochanganywa na pilipili yakifuka taratibu tangu magharibi. Watatu waligeuka ule moshi ulipowafikia. Wa nne akaja kwetu. Alisimama chini ya mringaringa, nikaona mgongo wake kwenye mwanga wa tochi, vumbi jekundu na mikunjo, karibu kiasi kwamba ningeweza kuudondoshea kofia. Akajisugua kwenye shina. Dungu zima likalia. Nikashika mkanda wangu kwa mikono miwili na kusali, na sikumbuki nilisema nini. Kisha akaondoka bila haraka, akivuta mabua kwa mkonga kila hatua tatu, mpaka gari la askari wa wanyamapori lilipoonekana barabarani na taa zake.

Hatukushuka mpaka kulipopambazuka. Hilo ni sharti la kwanza la baba mdogo: tembo wakiwa shambani, hakuna anayegusa ardhi, na hakuna anayewafukuza kwa miguu, kwa sababu tembo huzunguka na kurudi nyuma yako. Mkuki wa moran ni wa fisi na wa kujipa moyo. Kumuua tembo bila kibali ni kosa zito chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na hapa kijijini hakuna anayetaka hilo. Kazi ni kuwaondoa.

Kwa anayepata hasara: piga picha asubuhi hiyo hiyo kabla ya kukata mabua yaliyolala, pima eneo kwa hatua, mpelekee mtendaji wa kijiji siku hiyo ili afisa wanyamapori aje kuthibitisha. Kinacholipwa kwa mazao huitwa kifuta jasho, kwa mtu aliyeumia au kufariki ni kifuta machozi, na jina lenyewe linakuambia si fidia. Baba mdogo alipoteza kama robo ekari. Alitembea kwenye yale mabua akiyainua moja moja, kama mtu anayewainua watoto walioanguka.

Jumamosi, 13 Julai

Tulisaga pilipili, tukapaka kamba za katani kwa oili chafu iliyochanganywa nayo, tukazungusha upande wa msitu. Vaa glovu. Mimi nilijifuta jicho na nikalia nusu saa, mama mdogo akaniosha kwa maziwa. Usiku ulikuwa mtulivu. Moran alikwenda kulinda kwao, baba mdogo nilimlazimisha alale ndani, nikakaa peke yangu.

Jumapili, 14 Julai. Kidato cha kumi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mahindi, mbao zimelowa umande. Mama mdogo aliita kutoka nyumbani kwamba chai iko tayari. Nilikuwa nimekaa saa tisa, magoti yamekufa ganzi, na nilikuwa na furaha. Nakumbuka vizuri hiyo furaha. Usiku umepita, hakuna bua lililovunjika, nakwenda kunywa chai.

Nikafungua ndoano kifuani. Kamba nikaiacha imefungwa kwenye tawi, inaning'inia kando ya shina, ncha yake ikifika kimo cha mtu kutoka chini, kwa sababu jioni nilikuwa napanda tena na sikuona haja ya kuikunja. Panga nililishika mkono wa kulia. Sikulichomeka hata kiunoni.

Nikageukia shina. Mguu wa kulia, kidato cha kwanza kutoka juu. Mguu wa kushoto, cha pili. Mguu wa kulia ukaenda cha tatu, ambacho ukihesabu kutoka chini ni cha kumi. Kikaupokea uzito wangu, kikakaa, ndipo kikazunguka. Hakikuvunjika. Msumari wa kushoto ulitoka kwenye mti bila sauti yoyote, ubao ukazunguka kwenye msumari wa kulia kama mshale wa saa, na mguu wangu ukabaki hewani. Wa kushoto ukateleza kwenye umande.

Niliachia panga. Mkono wa kulia ulikwaruza gome na haukupata kitu. Wa kushoto ulikutana na kamba. Sisemi niliishika kamba, maana sikuwa na muda wa kuwaza kamba. Ilikuwa pale mkono ulipopita. Ikapita kwenye kiganja kwa urefu wa mita mbili hivi, moto mtupu, ndipo vidole vikafunga na bega likavutika, nikajigonga kifua kwenye shina. Nikaning'inia hapo kwa muda wa pumzi moja. Vidole vikaachia.

Kilichobaki kilikuwa kama kimo changu. Mguu wa kulia ukatua kwenye mzizi na kupinda, nikakaa chini kwa kishindo. Nilipogeuza shingo nikaliona panga. Lilikuwa limenitangulia. Mpini ulikuwa umekwama kati ya mizizi miwili, bapa limesimama, ncha inatazama juu. Baada ya kunywa chai nilirudi na kupima umbali kutoka ncha hiyo hadi alama ya mwili wangu kwenye udongo. Shubiri moja na vidole viwili.

Sikupiga kelele. Nilikaa nikiusikiliza mwili, shingo, mgongo, nikasogeza vidole vya miguu vyote kumi kimoja kimoja ndani ya viatu. Simu ilikuwa kwenye begi, na begi lilikuwa juu ya dungu. Ningekuwa nimevunjika mgongo ningelala pale mpaka chai ipoe na mama mdogo aje kutazama. Tangu siku hiyo simu inakaa mfuko wa kifuani, wenye zipu.

Baba mdogo alikuja akikimbia, yeye ambaye hakimbii. Akaona kidato kinaning'inia, akaniona mimi, akakaa chini kando yangu kwenye umande na kunishika kichwa kwa mikono miwili. "Ni mimi niliyevipiga hivi," alisema. Nikamwambia hapana, baba mdogo, ni mimi niliyefungua ndoano.

Moran alinibeba mgongoni mpaka barabarani, karibu kilomita moja, akikataa kupumzika. Bodaboda yule yule wa Alhamisi alinipeleka zahanati na kunisubiri saa mbili, akachukua 3,000 tu. "Mgonjwa halipi kama mtalii," alisema. Muuguzi alisafisha kiganja, akafunga kifundo cha mguu, akanibonyeza uti wa mgongo mfupa kwa mfupa. Hakuna kilichovunjika.

Jumatatu, 15 Julai. Ngazi mpya, na kurudi

Asubuhi niliketi kwenye kigoda chini ya mringaringa, mguu juu ya ndoo, nikawa naelekeza. Vidato vyote kumi na mbili viling'olewa. Vitano vilitoka kwa mkono mtupu. Niliushika ule msumari wa kushoto: inchi nne, umeliwa na kutu mpaka kiuno chake ni chembamba kama njiti. Ubao wenyewe ulikuwa umepasuka kuanzia kwenye tundu. Mti ulio hai hunenepa. Mwaka hadi mwaka shina lilikuwa linausukuma ubao nje taratibu, msumari unavutwa kidogo kidogo, na kwa mbele huoni chochote, kwa sababu kichwa cha msumari kiko pale pale kilipopigwa. Ndiyo maana siwezi kumshauri mtu apigilie vidato kwenye mti na kuviamini kwa zaidi ya msimu mmoja.

Badala yake tulisimamisha ngazi ya nguzo mbili za mkaratusi, hatua zake zimechongewa mitaro na kufungwa boliti, kisha ngazi nzima ikafungwa kwenye shina kwa kamba, chini, katikati na juu. Kamba huoni ikioza ndani, lakini unaweza kuifungua na kuitazama. Kando yake tukashusha kamba nene kutoka tawi la juu hadi kwenye mzizi. Kamba nyembamba inazungushwa mara tatu kwenye ile nene na kuunganishwa na mkanda. Ukiisogeza kwa mkono inateleza, ukining'inia inakaza. Unajifunga ukiwa bado umesimama ardhini, na unajifungua ukiwa umeshasimama ardhini. Juu tukaacha kitanzi cha mguu, maana mtu akining'inia kwenye mkanda muda mrefu bila kukanyaga kitu, damu hujaa miguuni na anaweza kufa akiwa hajagusa chini. Panga, tochi na chupa ya chai vina kamba yao na ndoano yao.

Mzee jirani alikuja akatazama kimya. Akaivuta kamba ya panga mara mbili, akaridhika, akakaa nasi kunywa chai. Hakuniambia "nilikwambia".

Mkanda nilimwachia baba mdogo, nikamvalisha mwenyewe na kukaza mapajani. Nilipanda Noah saa nne. Konda wa Coaster kutoka Boma Ng'ombe aliona mguu, akahamisha shehena ya vitunguu kutoka kiti cha mbele na kuniketisha hapo. Safari nzima, pamoja na zahanati na gesti, ilinigharimu 71,500. Mkanda mpya utakula zaidi ya hiyo na nimeshauagiza.

Jana usiku nilimpigia baba mdogo akiwa juu. Nilimuuliza kabla hata ya shikamoo. "Nimefunga, mwanangu," alisema. Kisha akakaa kimya na kuisogeza simu mbali na mdomo. Nilisikia upepo kwenye turubai na, kwa mbali, debe moja likipigwa.